Mali Isiyopungua

Mtu akiniibia udi wangu, usiku wa leo sitakuwa na cha kupiga. Akichukua nakala ya programu ya kompyuta niliyoiunda kwa miaka mitatu, programu yangu itakuwa ingali mezani pangu, nzima, wala haikupungua hata herufi moja. Je, tendo la pili ni wizi kama lilivyo la kwanza? Swali hili laonekana kuwa ni la mawakili na mahakimu. Lakini katika kisiwa cha Mombasa hujibiwa karibu kila siku na vijana wasiopata kuingia mahakamani, nao hulijibu kwa vidole kabla hawajalijibu kwa akili.

Yafaa kwanza nieleze jinsi swali lilivyofika mlangoni petu. Zamani mwimbaji wa pwani aliyetaka sauti yake ihifadhiwe alilazimika kuisafirisha. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja mpaka Bombay ili waimbe mbele ya mashine za kampuni ya His Master's Voice. Baadaye mashine zilisogea karibu zaidi. Mombasa ilipata watoaji wake wa santuri, kama Assanand & Sons, ambao santuri zao zilikuwa na chapa ya Mzuri; kisha zikaja kanda, zikaingia kila nyumba. Leo chumba kimoja cha ghorofani katika Mji wa Kale, Kibokoni au karibu na Ndia Kuu, chatosha kuwa studio. Kuta nene za mawe ya matumbawe huzuia sehemu kubwa ya kelele za njiani. Godoro lililosimamishwa pembeni humeza mwangwi. Kipaza sauti kimoja, kompyuta iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, vipokea sauti vya kuvaa masikioni: ndizo zana zote. Feni huzimwa ili uvumi wake usiingie katika wimbo, na mwimbaji hutoka jasho mpaka beti ziishe. Adhana ikianza, kazi husimama, kwa adabu, na pia kwa sababu kipaza sauti hakibagui.

Kinachobaki ni programu. Hiyo ni karakana isiyoshikika. Ndani yake kila sauti huwekwa katika safu yake: udi safu moja, tari safu ya pili, mwimbaji ya tatu, waitikiaji ya nne. Mwenye studio hukata palipokosewa, hupandisha sauti iliyo chini, hushusha iliyo juu, kisha huziunganisha zote ziwe wimbo mmoja. Bila programu, kipaza sauti ni sikio lisilo na kumbukumbu.

Basi kijana huyu huwauliza rafiki zake, "Ipi iliyo bora?" Aghalabu hujibiwa kwa jina la programu moja mashuhuri, na pamoja na jina hupewa flashi yenye nakala iliyovunjwa kufuli. Shauri na tendo huja katika mkono mmoja. Husemwa kwamba kijana amechagua; mimi naona kwamba amechaguliwa. Uchaguzi wahitaji muda wa kupima, naye hakupewa hata muda wa kuuliza bei.

Nimekwisha kulizungumza jambo hili na wanafunzi wengi, na hoja zao si za kudharauliwa. Iliyo kubwa ndiyo ile niliyoanza nayo: kwamba kitu hakikupungua. Husema, "Mwalimu, taa ikiwashwa kwa moto wa taa nyingine, taa ya kwanza haipotezi nuru." Mfano huo ni mzuri, nami nakubali kwamba kuna tofauti ya kweli baina ya udi na programu. Aliyeibiwa udi amepatwa na hasara aionayo kwa macho. Aliyenakiliwa programu yake huenda asijue kabisa. Mtu anayeyafanya matendo haya mawili kuwa sawasawa kwa kila hali anafikiri kwa haraka mno.

Walakini hebu tuitie hoja hii katika arusi. Kikundi cha taarabu kimealikwa Makadara. Kimepiga tangu baada ya isha hata karibu na alfajiri. Wageni wamefurahi, bibi arusi amesifiwa. Asubuhi kiongozi wa kikundi anakwenda kutaka ujira, na mwenye arusi anamjibu hivi: "Bwana, udi wenu mmerudi nao. Tari mnazo. Sauti zenu hazikupungua. Nyimbo mlizoziimba jana mwaweza kuziimba tena leo kwa wengine. Nikulipeni kwa hasara ipi?" Hapana mtu wa Mombasa atakayeusikia usemi huo bila ya kucheka au kukasirika. Kwa nini? Kwa sababu sote twajua kwamba ujira si fidia ya kitu kilichopungua. Ujira ni haki ya mtu aliyefanya kazi ambayo mwingine ameitaka na kufaidika nayo. Mpigaji amelipa usiku wake, na nyuma ya usiku huo amelipa miaka ya kujifunza. Mwandishi wa programu naye alikesha; tofauti ni kwamba hakukesha mbele ya wageni.

Hoja ya pili ni kwamba mwenye mali yuko mbali, tena ni tajiri. Hii sitakaa nayo sana. Umbali haufuti deni, na utajiri wa mtu haumfanyi kuwa kisima cha njiani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yailinda programu ya kompyuta katika fungu moja na maandishi ya fasihi, wala haiulizi mwandishi wake ana magari mangapi. Isitoshe, si wote walio matajiri. Baadhi ya programu za muziki zinazosifiwa sana ni kazi ya watu wachache.

Wako pia wanaowakataza vijana kwa kuwatisha: nakala iliyovunjwa kufuli, wasema, huleta virusi. Ni kweli kwamba nyingi huleta, na studio kadha zimepoteza nyimbo kwa njia hiyo. Lakini sipendi kuijenga haki juu ya hofu. Kama virusi vyote vingekufa kesho, swali letu lingekuwa liko palepale.

Hoja ya umasikini ndiyo inayonisumbua. Kijana asiye na kazi ya mshahara, ambaye kipaza sauti chake alikinunua kwa kukusanya shilingi mia mia, ataitoa wapi bei ya programu inayouzwa kwa fedha za Ulaya au Marekani? Na akinyimwa chombo, je, hakunyimwa sauti yake? Ingekuwa kwamba milango yote ya karakana hizi ina kufuli, na kila kufuli ina bei kubwa, ningesita kumhukumu. Mtu mwenye njaa hahukumiwi kama mtu aliyeshiba.

Lakini hali haiko hivyo. Audacity, ambayo ilianzishwa mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na kutolewa mwaka 2000, hutolewa bure kwa kila mtu. Kwa hiyo waweza kurekodi sauti, kuzipanga juu kwa juu, kukata na kusafisha. Ardour, iliyoanzishwa na Paul Davis, ni karakana kamili ya safu nyingi, na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote atakaye kuyasoma au kuyabadili. LMMS humsaidia mwenye kutunga kwa midundo na vinanda vya kompyuta, nayo pia ni bure. Waandishi wa programu hizi wameamua kwa hiari yao kuwa taa ya kuwashia taa nyingine. Basi ule mfano wa taa ni wa kweli kabisa mahali ambapo mwenye taa amesema, "Njoni muwashe." Hapo umasikini unapoteza shahidi wake mkubwa.

Nitaambiwa kwamba zilizo bure ni duni. Tutazame. Programu mashuhuri kuliko nyingi kwa vijana ni FL Studio, kazi ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, iliyotoka mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. Ni chombo kizuri, na mwenye kukinunua hupewa matoleo mapya yote bila ya kulipa tena, jambo ambalo ni la uungwana. Lakini angalia kile kinachokungojea unapokifungua: safu ya visanduku 16 vya kutilia mapigo, vilivyogawanywa nne nne. Mtu atiaye ngoma katika visanduku hivyo bila ya kubadili kitu atapata mwendo wa nne, atake asitake. Chakacha haiendi hivyo. Mwendo wake ni wa sita, na utamu wake uko katika kuvutana kwa mbili na tatu ndani ya kiuno kimoja. Kadhalika vinanda vya kompyuta hufuata vibao 12 vilivyo sawasawa, ilhali maqam kama rast na bayati zina sauti zinazokaa baina ya kibao na kibao. Aliyepata kumsikiliza marehemu Zein l'Abdin akipiga udi anajua sauti hizo ziliko. Mkono wake ulizikuta mahali ambapo kinanda hakina mlango.

Sisemi kwamba programu hiyo haiwezi kurekebishwa. Yaweza, visanduku hugawanywa upya, na baadhi ya vinanda vyake hukubali kulegezwa. Nasema kwamba kila chombo kina tabia yake, nacho humvuta mtumiaji mvivu kuelekea huko. Nimesikia nyimbo za vijana wetu ambazo chakacha yake imenyooshwa kama kanzu iliyopigwa pasi, na walipoulizwa walisema ndivyo walivyotaka. Huenda. Lakini mtu hajui kama alitaka kitu mpaka awe amepata nafasi ya kukikataa. Kijana wa Mji wa Kale ambaye kazi yake ni udi, fidla, tari na koo za watu hana haja kubwa ya ghala la midundo tayari. Haja yake ni chombo kinachorekodi vizuri, kinachohesabu mwendo kama apendavyo yeye, na kisichoishinda kompyuta yake ya zamani. Kwa haja hiyo, zile ziitwazo duni hazimpungukii kitu kikubwa. Na hapo ndipo ninapoona kwamba flashi ile aliyopewa ilimnyima hata kujua anataka nini.

Sasa nageuka upande wa pili wa meza, kwa maana huyu ninayemsema si mtumiaji tu. Yeye mwenyewe ni mwenye mali isiyopungua. Wimbo wake ni kitu cha jinsi ileile. Ukisikika katika tuk-tuk zote kutoka Bondeni hadi Mwembe Tayari, yeye bado anao. Watu wa Mombasa wameufahamu uchungu huu kwa muda mrefu. Enzi za kanda, taarabu ilirekodiwa arusini, kisha kanda moja ikazaa kanda kumi na kumi zikazaa mia, zikasafiri mpaka Lamu, Unguja na Maskati. Mwimbaji alibaki na zile fedha alizotuzwa usiku wa arusi. Tena kuna wimbo "Jambo Bwana", uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison wa kundi la Them Mushrooms la Mombasa, ukatoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1983 kundi la Boney M. la Ujerumani lilitoa toleo lake, na hata leo wimbo huo hupigwa katika hoteli za pwani kila jioni. Ukimwuliza kijana wetu kama mtunzi wa wimbo kama huo astahili kupata fungu lake kila unapouzwa, atajibu naam kabla hujamaliza swali. Basi mkuki kwa nguruwe. Kanuni anayoidai kwa ajili ya wimbo ndiyo hiyohiyo anayoivunja kwa ajili ya programu aliyourekodia wimbo.

Mwanafunzi mmoja mwerevu alinipinga hapo. Alisema, "Na Juma Bhalo je? Hakuchukua mahadhi ya sinema za Kihindi?" Hoja hiyo ni nzito, wala siipiti kando. Mohamed Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alipendwa pwani yote, na ni kweli kwamba nyingi katika nyimbo zake zilifuata mahadhi ya Kihindi. Muziki wa pwani umekuwa ukichukua kutoka ng'ambo tangu zamani: udi wenyewe ni wa Waarabu. Lakini tazama alichokileta badala yake. Alileta mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya jamaa yake, Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake, "Malenga wa Mvita", ilichapishwa mwaka 1971. Akaleta na koo ambayo Bombay haikuwa nayo. Aliyeisikia kazi yake alipata kitu ambacho mwenye mahadhi ya kwanza hakukitoa. Je, kwa hivyo hakuna aliyedai haki yake kule India? Siwezi kusema kwamba kuongeza kitu kwafuta kila deni. Nadhani baadhi ya deni hilo lipo. Nasema tu kwamba kukopa mahadhi na kuyatia roho mpaka yawe wimbo mwingine si tendo moja na kuvunja kufuli ili utumie kitu kilekile, kwa kazi ileile, bila kuongeza hata nukta. Mwanafunzi wangu hakuridhika sana, nami sikumlazimisha.

Kuna programu moja inayoliweka swali letu wazi kuliko zote. Yaitwa Reaper, kazi ya kampuni ndogo ya Cockos, ambayo mwanzilishi wake ni Justin Frankel, Mmarekani yuleyule aliyeunda Winamp mwaka 1997. Mtu yeyote huweza kuichukua na kuijaribu kwa siku 60, ikiwa kamili, hakuna sehemu iliyofungwa. Bei yake ni dola 60, chini kidogo ya shilingi 8,000 za Kenya kwa kiwango cha miaka hii ya karibuni, kwa mtu aitumiaye kwa nafsi yake au ambaye mapato yake ya kazi hiyo hayazidi dola 20,000 kwa mwaka. Studio kubwa hulipa dola 225. FL Studio nayo hujaribiwa bure, ila ukishaihifadhi kazi yako hukunyima kuifungua tena mpaka ununue. Reaper haifanyi hivyo. Siku 60 zikipita, mlango hubaki wazi. Kila uifunguapo hutokea dirisha dogo la kukukumbusha kwamba muda wa kujaribu umekwisha, hukungojesha sekunde chache, kisha hukuacha uingie. Hakuna bawabu wala kufuli ya kuvunja. Waundaji wake wamekuachia neno la bei na dhamiri yako.

Plato, mwanafalsafa wa Uyunani, aliandika habari za mchungaji Gyges aliyeokota pete iliyomfanya asionekane na watu. Na katika kitabu chake huulizwa kama yuko mtu awezaye kuwa mwaminifu akivaa pete hiyo. Wanafunzi husoma kisa hicho kama ngano. Kumbe pete hizo leo ziko katika kila kompyuta. Mtu aliye peke yake ghorofani, mlango umefungwa, haonekani na jirani wala na Cockos. Katika Mji wa Kale twalijua neno amana: mali uliyowekewa ambayo mwenyewe hana hati wala shahidi. Hapana anayelipima neno hilo kwa ukubwa wa kitu. Hulipima kwa namna mtu alivyo wakati hana wa kumwuliza.

Jambo hili lilipojadiliwa darasani, mvulana mmoja alipendekeza njia ya kati. Alisema kwamba asiye na shilingi 8,000 siku ya 61 na aendelee kuitumia, ila aandike deni katika daftari, kama tufanyavyo katika duka la mtaani, alipe arusi zikiongezeka baada ya mfungo. Darasa lilipenda. Kisha msichana aliyekaa nyuma akasema kwamba katika duka la mtaani mwenye duka ndiye anayeliandika deni. Mteja akijiandikia mwenyewe na kuondoka na mchele, hilo si deni. Hukumu yangu ni sawa na ya msichana yule. Mwenye mali amekwisha kusema siku 60. Kuziongeza si kazi ya mgeni.

Wala kuziacha si msiba. Sauti zote zilizorekodiwa kwa Reaper hubaki katika kompyuta zikiwa faili za kawaida, nazo hufunguka kwa Ardour au kwa Audacity. Kijana atazihamisha, atazipanga tena safu kwa safu, udi mahali pake na tari mahali pake. Itamgharimu usiku mmoja au miwili ya kazi, feni ikiwa imewashwa, kwa kuwa hapo harekodi kitu.